A tatu kwenye neno moja

Siku hizi nimeng'ang'ania kuchora neno BARAKA. Nimelipenda kwa ukorofi wake: herufi sita, na tatu kati ya hizo ni A. Irabu za Kiswahili hazikwepeki. Chora SALAMA, chora SAFARI, utazikuta zinakusubiri. Wengi wanaoanza grafiti za karatasini, yaani herufi za mitindo kama zile za ukutani, huchora A moja nzuri kisha wanainakili mara tatu. Kwangu hilo ni bango tu, hata ulijaze rangi zote ulizonazo.

A zangu nataka zifanane kama watoto wa tumbo moja: unene mmoja, kona zenye ukali uleule, lakini kila moja na mkao wake. Ya kwanza naiegemeza kwa B, mguu wake wa kushoto ukipenya chini ya tumbo la B. Ya pili ndiyo yenye kesi. R inatupa mguu kulia, A inatupa wake kushoto, wanagongana chini huku juu pakibaki pengo. Dawa niliyoipata ni kuivimbisha R kifuani hadi ikaribie ncha ya A, na mguu wa R kupita juu ya mguu wa A. Baada ya hapo K inanyoosha mkono wake juu ya mteremko wa A ya mwisho, na mguu wa K naufupisha. Hiyo A ya mwisho haina jirani kulia, kwa hiyo mguu wake naurefusha utakavyo. Hapo tu ndipo naruhusu mshale, lile pambo la grafiti kwenye ncha za herufi. Mishale iliyobandikwa kila mahali inanichosha. Mshale mzuri ni mstari wa herufi yenyewe uliokataa kusimama.

Haya yote nayafanya kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Naanza na kiunzi, yaani herufi kubwa za kawaida za mstari mmoja, ndipo nazinenepesha. Kisha nageuza karatasi juu chini. Neno likiwa halisomeki, jicho linaacha kusoma na kuanza kuona mapengo.

Kuna wanaodhani karatasi ni ya waoga wa ukuta. Waandishi wa grafiti wa New York walikuwa na madaftari yao meusi, wakichora humo kabla ya kwenda kuchora kwenye treni na wakiandikiana saini. Majina yao yalikuwa mafupi kwa sababu ya haraka. TAKI 183, ambaye gazeti la The New York Times lilimwandika mwaka 1971, alikuwa na herufi nne na namba ya mtaa wake. PHASE 2, anayetajwa sana kwa zile herufi nene za puto za mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha kwamba umbo la herufi peke yake linatosha kuwa habari. Sisi wa mezani hatukimbizwi na mtu, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kiunzi kibovu.

Rangi naipitia upesi. Makapeni za spiriti hupenya karatasi nyembamba na huvuruga wino wa baadhi ya kalamu, hivyo najaza kwanza, rangi nyepesi kabla ya nzito, na mstari wa nje unakuja baadaye. Kivuli kinaenda upande mmoja: kila kona inatoa kistari chenye mwinamo na urefu uleule. Kona moja ikienda kwake, neno zima linalegea.

Neno linalofuata ni MWEZI. M na W zitakula nusu ya karatasi, na I itabaki kijiti. Nafikiria kuipa I kichwa na nyayo pana, kisha kuiingiza nyayo moja chini ya Z, isije ikaonekana imesahauliwa pale pembeni.