Gari Linalochemsha Usiku

"Mpwa wangu, gari gani hili? Mchana wa jua kali linatembea, usiku wa baridi linachemsha! Na betri na maji ya rejeta vimejuana lini?" Mjomba alisema hivyo huku akicheka, nilipomwambia kwamba gari lake kuishiwa betri na kuchemsha maji ni ugonjwa mmoja, na kicheko chake hakijanitoka. Dada kahamia kwake, kitinda mimba matokeo yametoka na kafaulu, mimi bado nalijibu swali la mjomba kichwani.

Vimejuana tangu kiwandani, mjomba. Kwenye injini nyingi za zamani mkanda mmoja wa feni ndio unaozungusha alteneta, ile inayochaji betri, na pampu ya maji. Mkanda ukiteleza, taa ya betri inawaka na mshale wa joto unapanda. Usiku ndiyo balaa: taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110 tayari, hujahesabu za nyuma, waipa na feni ya ndani. Kadiri umeme unavyovutwa, alteneta inakuwa nzito kuzungusha, na mkanda dhaifu unaishia kusugua puli tu, yaani gurudumu lenye mfereji unamopita. Pampu nayo inapoteza mwendo. Maji yasipozunguka, ubaridi wa nje utasaidia nini?

Kupima kwa mita ya volti si kazi kubwa. Gari likiwa limelala, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini, kanyaga mpaka mizunguko 2000 hivi kwa dakika: unataka 13.8 hadi 14.5. Kisha washa kila taa. La mjomba lilisoma 14.1 bila taa; taa zilipowaka likashuka hadi 12.3, mkanda ukapiga mluzi. Volti zikiwa chini na mkanda umetulia, pima kati ya nati kubwa ya alteneta na chanya ya betri, injini ikiwa inanguruma na taa zimewaka. Ikizidi volti 0.3, kagua waya na viungio kabla ya kulaumu alteneta.

Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Kwa kawaida hubonyea milimita 10 hadi 13. Pembeni ukiwa unang'aa kama kioo, umeteleza siku nyingi. Mkanda ukigusa chini ya mfereji wa puli, umekwisha, kukaza hakusaidii.

Nilikuwa nimeshika spana, bado nimenuna, nilipoona chini ya pampu, kwenye kile kitundu kidogo, mchirizi wa kijani uliokauka. Hasira zikaniisha palepale. Kitundu kile kipo makusudi: sili ya pampu, ile inayozuia maji yasivuje, ikifa, maji yatokee hapo. Yalikuwa yakirukia mkanda! Ukibadilisha mkanda peke yake, mpya nao utalowa na kuteleza. Kwa hiyo pampu na mkanda, kwa pamoja. Betri mpya aliyoinunua mjomba haina kosa, ilikuwa na njaa tu. Ichajiwe taratibu nje ya gari, ndipo ipimwe.

Mkanda mpya hulegea, ukazwe tena baada ya kutembea kidogo, lakini usivutwe kupita kiasi maana utakula beringi za pampu na alteneta. Na kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto: presha ndiyo inayozuia maji yasichemke, ukiifungua yanakurukia usoni.

Kesho nitamwambia yote hayo, akitaka kusikiliza. Mama kaanza tena kukohoa usiku, na hospitali hataki kusikia.