Kupanga Nyumba Guangzhou

Nilipotumwa Guangzhou kusimamia ununuzi na upakiaji wa mizigo ya kampuni inayoniajiri Kariakoo, niliagizwa nikae hotelini kwa muda mfupi tu, kisha nitafute nyumba ya kupanga, kwa kuwa kazi yenyewe ingechukua miezi kadhaa. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, baada tu ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, wakati ambao mamilioni ya wafanyakazi hurejea mijini kutoka vijijini kwao na kila dalali huwa na shughuli nyingi. Zaidi ya hayo, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo siku hizi hufanyika Aprili na Oktoba, yalikuwa yanakaribia, na yakianza bei za hoteli hupaa.

Watanzania niliowakuta huko wengi wao hufanyia shughuli zao Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, ambako kwa miaka mingi Waafrika wamekuwa wakinunua bidhaa, wakila na kukata nywele. Kaka mmoja wa Moshi, aliyeishi mjini hapo muda mrefu, alinipa ushauri ambao sikuutegemea. "Dada," aliniambia, "kabla hujaangalia chumba, muulize dalali kama mwenye nyumba yuko tayari kwenda nawe polisi. Akisitasita, aga, uondoke." Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilielewa kwamba anazungumza kama mtu aliyekuwapo Aprili 2020, wakati wa Korona, ambapo Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga na wengine wakakataliwa hotelini, hata mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing wakaiandikia barua wizara ya mambo ya nje ya China. Wazee wa Xiaobei bado wanasimulia habari hizo kwa sauti ya chini, na bado wapo wenye nyumba ambao dalali akiwapigia na kuwaambia mpangaji ni mgeni, mazungumzo huishia hapo hapo.

Dalali niliyempata alikuwa kijana mwenye pikipiki ya umeme, ambaye alinipakia nyuma na kunizungusha vichochoroni huku tukizungumza kwa simu yenye programu ya kutafsiri. Masharti yake yalikuwa ya kawaida mjini humo: amana ya kodi ya miezi miwili, kodi ya mwezi wa kwanza, na ujira wake, sawa na kodi ya nusu mwezi. Kwa nyumba ya yuan 3,200 kwa mwezi, hiyo ilimaanisha kutoa yuan 11,200 kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Anayetoka Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, hataona kiasi hicho kuwa cha kutisha; tofauti ni kwamba kwetu fedha ile huliwa na kodi, ilhali hapa sehemu kubwa yake hukaa kwa mwenye nyumba ikingoja siku ya kuhama.

Ugumu haukuwa katika kiasi bali katika namna ya kulipa. Tangu mwaka 2023 wageni wameruhusiwa kuunganisha kadi zao za kimataifa na WeChat au Alipay, programu za simu za kulipia, na kwa mboga, treni na chakula jambo hilo limerahisisha maisha kwa kweli. Lakini wakati huo kadi ya namna hiyo ililipa maduka, haikumtumia mtu binafsi fedha. Mwenye nyumba ni mtu binafsi. Ili nimtumie nilihitaji akaunti ya benki ya China, benki ilitaka hati ya usajili wa makazi kutoka polisi, polisi walitaka mkataba wa pango, na mkataba haukusainiwa bila malipo. Mduara huo niliukata kwa noti: nilibadilisha dola benki, nikampelekea mama mwenye nyumba bahasha, naye, ambaye bila shaka alikuwa hajapokea kodi kwa fedha taslimu kwa muda mrefu, alizihesabu mara mbili na kuzipiga picha zikiwa zimetandazwa mezani pamoja na mkataba.

Hati ya polisi haina mzaha. Sheria ya uhamiaji ya China, inayotumika tangu Julai 2013, inamtaka mgeni anayelala nje ya hoteli asajiliwe na polisi ndani ya saa 24 baada ya kuhamia, na asiyefanya hivyo anaweza kupewa onyo na kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Hotelini kazi hiyo hufanywa na mapokezi bila wewe kujua. Katika nyumba ya kupanga tulikwenda wenyewe, mimi na pasipoti na mkataba wangu, yeye na kitambulisho chake na cheti cha umiliki. Askari aliuliza tutalala watu wangapi, akanipiga picha, akachapa karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifungulia akaunti ya benki na ndiyo niliyoombwa tena wakati wa kuongeza viza, kwa hiyo naiona kuwa na thamani kuliko ufunguo wenyewe, kwa sababu ufunguo ukipotea fundi hukuchongea mwingine kichochoroni.

Nyumba yenyewe ilikuwa katika jengo la zamani lisilo na lifti, ghorofa ya nane kwa hesabu ya Kichina, ambayo huanzia chini barabarani, hivyo nilipanda ngazi za ghorofa saba. Majengo mengi ya aina hiyo Guangzhou sasa yanafungiwa lifti kwa nje, ndani ya mnara wa chuma na kioo ulioegemezwa ukutani. Letu lilikuwa halijafungiwa, na nilielezwa kwamba wakazi wa chini walikuwa wanapinga, kwani wao hawapandi ngazi na mnara ungewazibia mwanga. Siwezi kuwalaumu, ingawa kila nilipopanda na ndoo ya maji ya kunywa ya lita 18.9 nilitamani kufanya hivyo. Maji ya bomba pale hayanywewi bila kuchemshwa, na baada ya muda nilinunua birika la umeme, nikaachana na ndoo.

Vyumba vilikuwa viwili vidogo vyenye kitanda cha mbao kigumu, sofa, kiyoyozi na roshani iliyozungushiwa nondo, ambamo mashine ya kufulia ilisimama chini ya fito za kuanikia zinazoteremshwa kwa kuzungusha mpini. Bomba la kuogea lilikuwa juu ya choo cha kuchuchumaa. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wa nyumbani, ila plagi zetu zenye meno mapana matatu haziingii. Hakuna LUKU: unatumia kwanza na kulipa baadaye kupitia simu, kwa namba ya mita, na bei ya kila uniti hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia zaidi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni unyevu. Katika miezi ya Februari hadi Aprili upepo wenye joto na mvuke hutoka Bahari ya China Kusini ukakuta kuta na sakafu ambazo bado zina ubaridi wa kipupwe, na maji hujitengeneza juu ya kila kitu. Niliamka asubuhi moja nikakuta vigae vinateleza, vioo vinatiririka na viatu vya ngozi vimeota ukungu. Mtu wa pwani akiona nyumba imefuka hufungua madirisha, nami nikafanya hivyo. Jirani, mwanamke mtu mzima, aligonga mlango, akaingia bila kungoja jibu na kuyafunga yote, akianza na yale ya kusini. Alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu hewa ya nje ndiyo inayoleta maji, na kinachotakiwa ni kufunga mapema na kuwasha kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa. Mashine hiyo niliagiza kwa simu ikanifikia upesi, na kila jioni nilimwaga tangi lake lililojaa.

Upande wa chakula nilikuwa na wasiwasi usio na sababu. Soko la mtaani, hatua chache kutoka mlangoni, liliuza matembele na mchicha kila siku, kwa kuwa watu wa Guangdong hupenda mboga hizo kama sisi, ila wao huzikaanga na vitunguu saumu kwa moto mkali sana, na majiko yao ya gesi yametengenezwa kwa moto huo. Kupika wali wa nazi juu yake bila kuunguza kunahitaji uangalizi. Bamia zilikuwepo, nazi zilikuwepo. Unga wa ugali nilifuata Xiaobei. Ijumaa nilipitia huko nikitoka msikiti wa Xianxian, karibu na kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China hulihusisha na Saad bin Abi Waqqas, mahali ambapo baada ya swala husikika Kiswahili kingi.

Mkataba ulipokaribia kwisha mizigo ya mwisho ilikuwa haijapakiwa, nikamwomba mama mwenye nyumba aniongezee miezi miwili. Alikubali kwa kodi ileile, ila alitaka kwanza aione viza yangu iliyoongezwa, kwa sababu polisi wangetaka nisajiliwe upya. Nilipopendekeza kwamba amana anayoishikilia ihesabiwe kuwa kodi ya miezi hiyo, alicheka sana, akaandika kwenye simu na kunionyesha tafsiri: amana itazungumzwa siku ya kuondoka, baada ya bili za umeme, maji na gesi kufika, naye akishakagua kuta kuona kama zina ukungu.