Labda ni Hapa: Kwenye Nyumba ya Mwenyeheri Justo Takayama Ukon

Wapendwa katika Kristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Neno la juma hili linatoka katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, aya ya 8: "Kwa imani Ibrahimu alipoitwa aliitika, atoke aende mahali pale atakapopapata kuwa urithi, akatoka asijue aendako." Nimelisikia neno hili mara nyingi kanisani na katika jumuiya yetu ndogondogo, na kila mara mawazo yangu yalikwenda kule Ibrahimu alikokuwa akielekea. Safari hii nimejikuta nikiwaza habari za kule alikotoka: makao aliyoyaacha Harani, nani aliyeingia humo baada yake, na kama majirani waliendelea kupaita mahali pale kwa jina lake.

Wazo hilo lilinijia Kanazawa, mji wa Japani ulio upande wa bahari inayotazama Korea, ambako majira ya baridi huleta theluji nzito yenye unyevu mwingi. Nilikuwa huko kwa siku chache mwezi wa Februari, na mama mmoja mzee, muumini wa hapo mjini, alikubali kunipeleka mahali panapokisiwa kuwa ndipo palipokuwa na nyumba ya Mwenyeheri Justo Takayama Ukon, samurai, yaani askari wa tabaka la juu wa Japani ya kale, aliyeishi Kanazawa kwa takribani miaka 26 hadi alipofukuzwa kwa sababu ya imani yake. Tulipofika, mama yule alisimama kando ya barabara ya lami, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaonyesha kwa kiganja kilichofunguka na kusema jambo ambalo kijana aliyekuwa akitutafsiria alilieleza kwa maneno matatu: "Labda ni hapa."

Magari yalikuwa yakipita. Theluji iliyosukumwa pembeni mwa njia ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Sikuona ukuta, wala msingi, wala kisima, na nakiri kwamba nilisikitika, kwa maana mtu aliyesafiri mbali kumfuata mtakatifu hutamani walau jiwe moja la kuwekea mkono. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa mtu huyu, kuliko wengi, ilifaa nyumba isijulikane kwa hakika.

Ukon alizaliwa mwaka 1552 katika ukoo wa kisamurai. Baba yake alikwenda kuwasikiliza wahubiri wa imani hii ngeni akiwa na nia ya kuwapinga, lakini aliyejibizana naye alikuwa Bruda Lourenço, Mjapani wa Shirika la Yesu aliyekuwa karibu kipofu na ambaye zamani alitafuta riziki kwa kupiga kinanda cha nyuzi kiitwacho biwa, na mwisho wa mazungumzo yale samurai alimwomba kipofu ubatizo. Baba akaitwa Dario. Mtoto, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na kidogo, akaitwa Justo, yaani mwenye haki. Mwaka 1573 Justo alipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushee alikuwa tayari bwana wa ngome ya Takatsuki, kati ya Osaka na Kyoto. Wamisionari wa wakati ule waliandika kwamba maskini mmoja Mkristo alipofariki huko Takatsuki, Dario na Justo walilibeba jeneza lake mabegani mwao wenyewe, kazi ambayo katika nchi ile iliachiwa watu wa tabaka la chini kabisa.

Hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza, na aliiacha. Mwaka 1578 Araki Murashige, bwana aliyekuwa juu yake, alimwasi Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wakati ule. Murashige alikuwa amewashika mateka dada yake Ukon na mwana mdogo wa Ukon mwenyewe. Nobunaga naye akatishia kuwaua mapadre na kuyabomoa makanisa iwapo Ukon hataifungua ngome. Akimtii mmoja, anamwaga damu ya mwanawe. Akimtii mwingine, anamwaga damu ya Kanisa. Alisali, kisha akafanya jambo ambalo hakuna upande uliolitarajia: alikata nywele zake za kisamurai, akavua cheo, akaiacha ngome kwa baba yake, akaenda kwa Nobunaga mikono mitupu akiwa si bwana wa kitu chochote. Mateka hawakuuawa, na baadaye Nobunaga alimrudishia Takatsuki. Huwa najiuliza ilikuwaje kwake kulala tena katika nyumba ambayo moyo wake ulikwisha kuiaga.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza, kwa sababu tafakari inayowapaka watakatifu rangi haimsaidii mtu. Chini ya utawala wake huko Takatsuki watu wengi mno walibatizwa, na mahekalu ya dini za kale za eneo hilo yakabomolewa au kugeuzwa kuwa makanisa. Wapo Wajapani wanaolikumbuka hilo hadi leo, nao wana haki ya kulikumbuka. Mimi nadhani, na ninalisema kama mawazo yangu tu, kwamba Ukon mwenye ngome alikuwa bado mwanafunzi, na kwamba Bwana alimfundisha Injili zaidi kwa yale aliyomwondolea kuliko kwa yale aliyomkabidhi.

Somo kubwa lilikuja mwaka 1587. Toyotomi Hideyoshi, aliyemrithi Nobunaga, alikuwa ameshampa Ukon eneo kubwa na tajiri zaidi la Akashi, kando ya bahari. Mwezi wa Julai mwaka huo Hideyoshi aliwageukia wamisionari ghafla na kutoa amri ya kuwafukuza, na usiku uleule alimtuma mjumbe kwa Ukon: ama aiache imani, ama aiache Akashi. Ukon aliiacha Akashi. Alijificha kwa muda katika kisiwa cha Shodoshima chini ya ulinzi wa Konishi Yukinaga, Mkristo mwenzake, na mwaka 1588 akapokewa Kanazawa na Maeda Toshiie, bwana wa huko, aliyempa riziki na mahali pa kukaa. Ndiyo nyumba ile ambayo mama wa Kanazawa alinionyesha kwa kiganja.

Ndugu zangu, niliposimama pale niliikumbuka nyumba yetu. Nilipokuwa kijana, nyumba aliyoijenga baba kando ya barabara kuu ilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na baada ya miezi kadhaa ikaangushwa ili barabara ipanuliwe. Hata sasa, kila tukipita pale ndani ya basi, mama hugeuza shingo dirishani na kusema, "Jiko lilikuwa hapa," na safari nyingine husema hivyo hatua hamsini mbele zaidi, kwa sababu hakuna mti wala nguzo iliyobaki ya kumwongoza. Nilitaka kusema kwamba ninamwelewa Ukon kwa sababu hiyo, lakini si kweli. Sisi tulinyang'anywa, tena tulinung'unika, na mimi bado nanung'unika. Yeye aliulizwa, na jibu moja dogo la mdomoni lingetosha kuiokoa nyumba. Kati ya kunyang'anywa na kuachilia pana umbali ambao sijaufika, na sipendi kuufupisha kwa maneno matamu.

Kuna nyumba moja aliyoishika kwa nguvu, nayo ilikuwa ndogo kupita zote. Ukon alikuwa mmoja wa wanafunzi saba wakuu wa Sen no Rikyu, mwalimu aliyeipa sanaa ya Kijapani ya kuandaa chai umbo lake la utulivu na ufukara. Katika mapokeo ya Rikyu chumba cha chai chaweza kuwa na eneo la mikeka miwili tu, na mlango wake ni tundu la chini, kiasi kwamba mgeni, hata awe jemadari, hupiga magoti na kutambaa ndani, huku upanga wake ukibaki nje. Padre João Rodrigues wa Shirika la Yesu, aliyeijua Japani ya siku zile kwa undani, aliandika kwamba Ukon alikuwa akijitenga katika kijumba chake cha chai, akiwa na sanamu takatifu, ili ajiweke mikononi mwa Mungu, na kwamba aliiona desturi hiyo kuwa msaada wa kuitunza roho. Nalisoma lile neno la Bwana, "Ingia katika chumba chako cha ndani," nami namwona mtu mzima wa vita akiinama hadi chini ili aingie kusali.

Baadaye mama alinipeleka penye kitu kisicho na labda. Mwaka 1599, baada ya Toshiie kufariki, Kanazawa iliogopa kushambuliwa na Tokugawa Ieyasu, jemadari aliyekuwa akiinuka kuitawala Japani, na Ukon, aliyejua sana ujenzi wa ngome, akapewa kazi ya kuuzungushia mji handaki la ndani. Masimulizi ya mji husema aliimaliza kwa siku 27. Sehemu za handaki lile zipo mpaka leo kama mfereji mwembamba wenye maji yanayokwenda upesi, ukipita kati ya nyumba za watu. Kwa hiyo mahali alipolala ndipo panapokisiwa, na mahali alipofanya kazi kwa ajili ya mji uliompokea ndipo panapojulikana. Tuliinama kuyatazama maji. Yalikuwa meupe, baridi, na hayakuwa na jina la mtu juu yake.

Hata hivyo, handaki halikumkinga yeye. Mapema mwaka 1614 amri ya utawala wa Ieyasu ilifika Kanazawa ndani ya barua, ikapita langoni kwa amani, ikiwataka Wakristo waikane imani au waondoke. Marafiki zake mjini walimsihi ajifanye ameiacha, kwa nje tu, ili wazee wamalizie siku zao kwa utulivu. Fikirini kishawishi hicho: hakuna aliyemwomba amchukie Kristo, walimwomba tu atumie adabu kidogo ya maneno mbele ya serikali, kisha arudi nyumbani kwake kula na wajukuu. Alikuwa amevuka miaka 60. Alikataa, akatoka katika theluji pamoja na mkewe Justa, binti yao Lucia, na wajukuu wao, akiongozana na jamaa ya Naito Joan, samurai mwenzake na Mkristo. Binti yule alikuwa ameolewa katika mojawapo ya nyumba kubwa za Kanazawa, naye aliiacha ili amfuate baba yake. Wakavuka milima kwa miguu chini ya ulinzi, wakashuka hadi Sakamoto, kisha Osaka, kisha Nagasaki, ambako mwezi wa Novemba walipandishwa merikebu iliyojaa Wakristo waliofukuzwa, ikaelekea Manila.

Manila iliwapokea kwa heshima, na gavana Mhispania Juan de Silva alitaka kumpa posho ya kuishi, lakini Ukon aliikataa akiona kwamba hana tena utumishi wa kuilipia. Haikutimia miezi miwili. Homa ilimshika, na mwanzoni mwa Februari 1615 akafariki katika nchi ambayo alikuwa bado hajajifunza njia zake. Kwa kuwa alikufa kutokana na taabu za uhamisho alioukubali kwa ajili ya Kristo, Kanisa lilimhesabu miongoni mwa mashahidi ingawa hakuna upanga uliomgusa, na tarehe 7 Februari 2017 alitangazwa Mwenyeheri mjini Osaka, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Angelo Amato kwa niaba ya Papa Fransisko. Mimi nalithamini sana tendo hilo la Kanisa, kwani waumini wengi wa kawaida hatutawahi kusimamishwa mbele ya upanga, ila tutaulizwa, mara moja au mara kumi, kama tuko tayari kuondoka mahali tulipopazoea.

Kabla ya kuagana nilimwuliza mama yule kama huja mara nyingi kwenye ile barabara ya lami. Alisema huja kila mwaka, tarehe 3 Februari, siku ya kumkumbuka Mwenyeheri Justo, kusali fungu moja la rozari. Nikamwuliza husimama sehemu gani hasa, maana nilitaka nami nisali hapohapo. Kijana alitafsiri, na mama akacheka kidogo kwa upole, kisha akaeleza kwamba kwa kuwa hakuna ajuaye ni hatua ipi, yeye huanza Baba Yetu kwenye kona ya kwanza na kutembea polepole, na Salamu Maria ya kumi humkuta kwenye kona ya mwisho. Akanipa mkono. Tukarudi kona ya kwanza, tukaanza.