Foklifti ilikuwa inanyanyuka nyuma, nilivyotatua

Foklifti yetu ya tani 2.5 pale godauni ikibeba kreti ndefu matairi ya nyuma yananyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kabisa maana hizi zinakata kona kwa nyuma, nikadhani ni haidroliki kumbe wala. Nikasoma kile kibati cha uwezo, hizo tani 2.5 ni kama kitovu cha mzigo, yaani katikati ya uzito wake, kiko sm 50 toka mgongo wa uma, pale meno ya kubebea yanapoanzia, sisi kreti tulikuwa tunaiingilia kwa kichwani, upande mfupi, uzito unakaa mbele zaidi ya hapo. Sasa naiingilia ubavuni, upande mrefu, nasogea mpaka mzigo uguse mgongo, nalaza mlingoti, ile nguzo inayopandisha uma, nyuma kidogo, natembea uma ukiwa sm 15 tu toka chini. Na wale wanaopanda nyuma kuongeza uzito nawashusha jamani, hiyo inaua. Matairi hayajanyanyuka tena.