Kwenda Matondoni na Waziri

Utotoni mwetu Amu, yaani mji wa Lamu, tulimjua punda wa mbio tu. Punda wa kazi, anayeshinda akipandisha mawe na mchanga kutoka pwani, huyo alikuwa wa wakubwa. Sisi tulimngojea afunguliwe sogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, jioni, tukampeleka ufukoni maji yakiwa yamepwa, tukashindana kuelekea Shela mpaka mwenyewe aje kutufukuza. Hatukuwa na tandiko wala lijamu. Unakaa nyuma kabisa, juu ya matako yake, miguu unaitupa mbele, mkono mmoja umeshika kamba ya shingoni, mwingine kifimbo. Wageni huona kama tumekaa vibaya, lakini ukikaa katikati ya mgongo, pale penye mfupa, utaumia wewe na utamuumiza yeye. Nyuma ndiko kwenye nyama.

Kisha nikaenda Mombasa kutafuta maisha. Nikawa karani bandarini, nikaoa, nikanenepa, goti la kushoto likaanza vituko vyake. Nyumbani nilikuwa nikirudi, Maulidi na Idi hazikunipita, ila nilikuwa mtu wa kushuka kwenye boti ya Mokowe na begi langu nikatembea kwa miguu mpaka kwa dada. Mashindano ya punda niliyatazama nimesimama na wazee wenzangu, tukiwakosoa vijana: huyu kakaa mbele mno, yule anamchapa punda bila sababu. Kukosoa hakuhitaji goti.

Mwaka 2019, wiki moja hivi baada ya Idi kubwa, kusi lilikuwa bado linavuma na mashua ya shemeji yangu ilikuwa imepandishwa nchi kavu Matondoni kwa matengenezo. Matondoni ndiko kwenye mafundi wa vyombo, upande wa pili wa kisiwa. Fundi akapiga simu: kalafati imemwishia katikati ya ubavu, na sifa hana hata tone. Kwa asiyejua, kalafati ni pamba inayogongwa kwenye maungio ya mbao ili chombo kisivuje, na sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa mbao za juu zisipasuke kwa jua. Sifa huna haja ya kuitangaza. Harufu yake hubisha hodi kabla yako. Shemeji alikuwa Mpeketoni kwa shughuli zake, akaniomba nimpelekee fundi vitu vyake siku hiyo hiyo.

Nikamwita kijana wa bodaboda, maana siku hizi pikipiki zinafika Matondoni. Akainusa galoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, hii ikimwagika kwenye kiti, nani atanipanda tena?"

Nikamwongezea bei. Akacheka, akaondoka. Kwa bahari isingewezekana, maji yalikuwa yamekwisha kupwa na hakuna aliyekuwa tayari kungoja yajae kwa ajili ya galoni ya lita 10. Mpwa wangu, anayeishi kwa kazi ya punda, alikuwa akisikiliza huku akifunga mawe kwenye mnyama wake wa pili.

"Mjomba, mtwae Waziri."

"Nimtwae mimi?"

"Ndia aijua yeye. Wewe keti tu. Penye mchanga mwingi ushuke, usimtese."

Waziri alikuwa dume la kijivu, msalaba mweusi mabegani, na kwenye bega la kulia kovu la zamani lililoota nywele nyeupe. Donda hilo alilipata kwa mwenyewe wa kwanza, aliyekuwa akimtwika mawe bila kumwekea gunia chini ya sogi. Mpwa wangu alimnunua hivyo hivyo, akampeleka kwenye kituo cha The Donkey Sanctuary kilichoko mjini tangu 1987, ambako punda hutibiwa bure, akawa anamrudisha kuoshwa mpaka pakafunga. Kila mwaka huwa kuna shindano la punda aliyetunzwa vizuri, na kijana huyu alikuwa na ndoto zake. Kwato zimechongwa, macho hayana matongo. Kwa kweli kati yetu wawili, Waziri ndiye aliyeonekana ametunzwa.

Zamani nilikuwa naruka tu. Unaweka tumbo juu ya mgongo wake, unazungusha mguu, umefika. Safari hii nilimsogeza kwenye baraza, nikapanda ngazi, nikamkalia kwa adabu. Bibi mmoja jirani alikuwa dirishani.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyo punda amekukosea nini?"

Tukatoka. Kwenye vichochoro vya Langoni mtu na punda hawapishani ila mmoja ajibane ukutani, nami nikawa nikiita "Simila, simila!" kwa sauti niliyodhani nimeisahau. Hapo nilifurahi, sikatai. Matako yalikumbuka mahali pake. Kifimbo kilikaa mkononi.

Furaha ilidumu mpaka njia panda. Matondoni unapandisha kuelekea mashamba; Waziri akateremka pwani. Nikamgusa shingo kwa kifimbo, akatikisa sikio. Nikavuta kamba, akageuza kichwa kunitazama huku miguu ikiendelea na safari yake. Akanifikisha gatini kwenye rundo la mchanga ulioshushwa na jahazi asubuhi, akajipanga nyuma ya punda wengine watatu, akasimama kungoja zamu yake. Vijana wa majembe wakainua macho.

"Sheikh, tukutie mchanga mapajani?"

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Ni yeye aliyenisaidia baadaye: akaweka kiganja kwenye shavu la Waziri, akamgeuza taratibu, akamsindikiza hatua kadhaa akimsemesha. Hakumvuta, hakumpiga. Waziri akapandisha mlima kana kwamba ndilo wazo lake la tangu mwanzo.

Nje ya mji njia inaingia kwenye mashamba, minazi na miembe, mchanga mweupe uliochimbwa na matairi ya pikipiki. Na huko ndiko nilikojua kwamba katika utoto wangu wote sikuwahi kumpanda punda anayetembea. Mbio za ufukoni ni jambo la dakika chache. Umejaa hasira na kelele, ukianguka umeangukia mchanga wenye maji, unacheka. Mwendo wa kawaida ni kazi nyingine. Kila hatua inakutupa kushoto na kulia, mapaja yanavutika, na mteremko mdogo tu unakusogeza mbele juu ya ule mfupa, unajirudisha nyuma kwa mikono, unasogea tena. Nilijikaza. Nilipojikaza ndipo nilipoumia zaidi. Goti likaanza kunisomea hesabu zake zote. Mwishowe nikachoka kujikaza, nikaacha kiuno kilegee kifuate kinakopelekwa, na maumivu yakapungua, hayakwisha, yakapungua.

Jambo jingine ni kichwa. Kila Waziri alipoinamisha kichwa nilivuta kamba nikidhani anataka majani. Mara nyingi alitaka majani kweli. Lakini penye mchanga laini alikuwa akikishusha mpaka pua ikaribie ardhi na kuchagua pa kukanyaga, pembeni, kwenye mizizi, si katikati ya tairi ambako mimi ningepita. Nikamwachia kamba. Mchanga ulipozidi nilishuka kama nilivyoagizwa, tukaenda sambamba, galoni ikilia ndani ya sogi. Kijana wa bodaboda akatupita na abiria aliyekumbatia jogoo, akapiga honi. Nikamwitikia kwa kifimbo.

Kwenye shamba moja mzee alikuwa akikusanya makuti. Salamu nikatoa, akaitikia, ila macho yake hayakuwa kwangu.

"Huyo si Waziri?"

"Ndiye."

"Na wewe ni nani?"

Nikacheka nikidhani ni utani wa watu wa Amu. Haukuwa utani. Aliushika ukingo wa sogi, akasimama mbele yetu na panga lake la makuti. Nikamtajia jina, halikumwambia kitu. Nikamtajia baba, akafikiri, akasema huyo ana mwana Mombasa, mwembamba. Niseme nini? Nikaanza kumtajia nyumba, mtaa, msikiti, shangazi zangu mmoja mmoja na walioolewa nao. Waziri naye akamnusa mzee kwenye mfuko wa shati, na mzee akatoa kipande cha muhogo akampa bila kuacha kunihoji. Walikuwa watu wanaojuana.

Wasiwasi wake ulikuwa na maana mwaka ule. Viwanda vya kuchinja punda vilikuwa vimefunguliwa huko bara tangu 2016, ngozi zikisafirishwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao, na redio hazikuisha habari za watu walioamka wakakuta punda wao amechunwa porini. Mzee alikuwa amezisikia zote. Mtu mnene asiyemjua, peke yake kwenye njia ya shamba, na punda anayemjua: kwake hesabu ilikuwa rahisi. Februari 2020 waziri wa kweli, yule wa kilimo, alipiga marufuku uchinjaji ule, kesi zikafuata mahakamani, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuuzuia bara zima. Lakini siku ile hayo yalikuwa bado, na mzee akatoa simu akampigia mpwa wangu. Nikasikia kicheko cha mpwa kutoka upande wa pili.

"Asema ni mjomba wake," mzee akaniambia, kana kwamba habari hiyo haikutoka kinywani mwangu kwanza. Akaachia sogi. "Basi ungalisema mapema wewe ni wa kwao Waziri."

Nikapanda juu ya kisiki cha mnazi, nikamkalia tena Waziri, tukaenda zetu.

Matondoni nilifika nimeinama mbele kidogo, suruali yangu upande wa kulia imelowa sifa, maana kifuniko cha galoni kililegea mahali fulani na sikuhisi kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Fundi alinusa, akapima galoni kwa macho, akauliza nyingine nimeinywa? Kisha akaichana kalafati, akaisokota kwa kidole gumba kwenye paja, akaanza kuigonga kwenye ufa. Kwanza nyundo inalia wazi, tok, tok. Pamba ikishashika inalia nzito, na fundi husikiliza hilo zaidi ya anavyotazama. Hakuna aliyenipa kiti. Nilikuwa nikinuka, na hata hivyo sikutamani kuketi.

Waziri alifunguliwa sogi, akanywa maji ya kisima, akajigaragaza mchangani miguu juu mpaka vumbi likaingia kwenye chai yetu.

Kurudi nilitembea sehemu kubwa ya njia. Mzee wa makuti hakuwepo. Giza lilikuwa linaingia tulipofika Langoni, na mpwa wangu alikuwa mlangoni. Hakunisalimu mimi kwanza. Alimpitishia Waziri mkono mgongoni, chini ya sogi, kwenye mabega, akainua kwato moja baada ya nyingine. Akaridhika. Ndipo akaniuliza, "Na wewe je, mjomba?"

Dada alinikatalia kuingia na ile suruali. Nilioga uani kwa ndoo, sabuni ya kipande ikaisha, harufu haikuisha. Usiku nililala kifudifudi.

Asubuhi nilimwomba mpwa wangu Waziri wa Ijumaa, baada ya sala, nifike Kipungani nikasalimie watu. Akasema Ijumaa ana mchanga wa mtu. Jumamosi pengine.