Mbavu tano, bomba moja

Mzee alikuwa mkwezi. Aliteleza juu ya mnazi akavunjika mbavu tatu upande wa kulia, na alipoletwa kwetu alikuwa akivuta pumzi nusunusu. Kilichonitia hofu ni kwamba hakuthubutu kukohoa. Hapo nimonia haiko mbali. Nikaamua kumchoma ganzi kwenye neva za mbavuni.

Hesabu niliipiga. Kilo 48, dawa ya ganzi bupivakeini miligramu 2 kwa kila kilo, kwa hiyo nisizidi 96. Nikavuta mililita 15 za asilimia 0.5, yaani miligramu 75: mililita tatu kila ubavu, mbavu tano, kwa kuwa unachoma na wa juu na wa chini ya ile iliyovunjika. Kila mara nilivuta bomba kwanza kuangalia kama damu inarudi. Haikurudi. Nikajiona niko salama kabisa.

Zilipita kama dakika kumi. "Daktari, mdomo unakufa ganzi." Nikadhani ni woga tu. "Ulimi nao kama nimelamba msumari. Na masikio yanavuma." Nilipomtazama, pembe ya mdomo ilikuwa inarukaruka. Ganzi ilikuwa imezidi kwenye damu, imeanza kumlevya ubongo.

Neva ya ubavu imelala na mishipa ya damu sako kwa bako, na katika sehemu tunazochoma kila siku hakuna inayoingiza dawa kwenye damu haraka kama pale. Miligramu 75 hizohizo pajani zingenyonywa polepole. Mbavu kwanza, begani baadaye, paja mwishoni: mpangilio huo chuoni niliukariri, nikaufaulia mtihani, nikauacha hukohuko. Ile 96 niliitumia kana kwamba mwili wote ni mahali pamoja, tena kwa mzee aliyekonda.

Sista akaweka oksijeni. Kanula ilikuwapo tayari, nikampa diazepamu ya kuzuia degedege miligramu 5 taratibu, macho yangu kwenye monita. Nikaulizia yale mafuta ya mshipani ya asilimia 20, meupe kama maziwa, yanayoinasa ganzi iliyozidi kwenye damu. Hayakuwapo. Mapigo hayakuyumba, ndiyo pona yetu. Baada ya saa moja hivi mzee akaamka, akakohoa kikohozi kizito bila kushika ubavu, akaomba uji.

Siku hizi mbavuni natumia asilimia 0.25: mililita zilezile, miligramu nusu. Naongeza adrenalini mikrogramu 5 kwa mililita ili mishipa ibane na dawa ikawie. Nikimaliza sitoki, nakaa nusu saa nikipiga soga na mgonjwa, maana anayeongea ndiye atakayekuambia habari za ulimi na masikio. Mafuta niliyadai kwa barua tatu. Chupa sasa iko droo ya juu, na juu yake nimebandika karatasi: kilo mara mililita 1.5, kwa dakika mbili hadi tatu. Kwa mzee yule zingekuwa mililita 72.