Asilimia ya nini?

Mtoto anaweza kuijua jedwali ya kuzidisha yote kwa moyo, na bado hesabu za asilimia zikamtoa jasho. Akikwama, msimfanyie. Muulizeni: hapa mia kwa mia, yaani kile kitu kizima, ni nini? Ajibu kwa maneno kwanza, kalamu ikiwa mezani, kisha aliandike jibu hilo juu ya kazi yake.

Tuchukue leso. Jozi imepunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa inauzwa shilingi 920 pale Mtaa wa Biashara, Mombasa. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi?

Wengi hutafuta asilimia 20 ya 920, wakapata 184, wakaijumlisha: 1,104. Kosa. Ile 20 ilikatwa kwenye bei ya mwanzo, na 920 ni kile kilichobaki baada ya kukatwa. Mia kwa mia ni bei ya mwanzo, ambayo hatuijui bado. Toa 20 kwenye 100, zabaki 80. Basi 920 ni asilimia 80. Gawanya kwa 8 upate asilimia 10, yaani 115. Zidisha kwa 10: shilingi 1,150. Sasa rudi nyuma uhakikishe. Asilimia 20 ya 1,150 ni 230, na 1,150 kutoa 230 ni 920. Ukiijaribu 1,104 hivyo hivyo, utaangukia 883 na senti 20. Kuhakikisha huku hakumalizi hata dakika, lakini ndiko watoto wanakokuruka.

Hesabu za faida zina mtego mwingine. Mchuuzi amenunua maembe ya ngowe 240 soko la Kongowea, kila moja shilingi 10 (bei ya msimu hiyo, tusibishane), akamlipa hamali wa mkokoteni 300. Asilimia 10 ya ngowe zikaoza. Auze kila moja kwa bei gani apate faida ya asilimia 20?

Mwenye haraka atasema 12, kwa sababu 10 ukiongeza asilimia 20 ni 12. Hamali amesahauliwa, na zilizooza zimeuzwa kama nzima! Fuata pesa zilizotoka mfukoni: 240 mara 10 ni 2,400, ongeza 300, jumla 2,700. Hiyo ndiyo mia kwa mia ya faida. Asilimia 20 yake ni 540, kwa hivyo lazima arudi na 3,240. Ya kuoza ina mia kwa mia yake, ngowe 240: zilizooza ni 24, zimebaki 216. Gawanya 3,240 kwa 216. Kama kugawanya huku kunatisha, 216 mara 10 ni 2,160. Zilizobaki 1,080 ni nusu ya hiyo, yaani mara 5. Jawabu ni shilingi 15.

Na yule wa 12? Ngowe 216 zingempa 2,592. Hasara ya shilingi 108, sawa na asilimia 4 ya mtaji.

La mwisho ni fupi. Bei ya 1,000 ikipanda kwa asilimia 10 kisha ikashuka kwa asilimia 10, hairudi 1,000. Inapanda hadi 1,100, halafu inakatwa 110, inabaki 990. Safari ya kushuka, mia kwa mia ilikuwa imeshahamia 1,100.